Kukalika na Kukaliwa: Historia ya Sayari za Nyota Vibete Itazamwapo Kutoka Angurai

1. Utangulizi

Makala haya yana shabaha mbili. Ya kwanza ni kueleza kwa ufupi historia ya kuvumbuliwa kwa sayari zinazozunguka nyota vibete, yaani nyota ndogo zenye nuru hafifu zilizo mbali sana na jua letu. Ya pili, ambayo yawahusu zaidi wasomaji wa jarida hili, ni kuchunguza jinsi Kiswahili kilivyoipokea habari hiyo, na jinsi mnyambuliko mmoja wa kitenzi unavyoweza ama kuieleza vyema ama kuipotosha kabisa.

Jambo lililonichochea kuandika ni dogo. Jioni moja nilikuwa nyumbani Angurai, kaskazini ya Malaba, nimeketi uani pamoja na mzee mmoja jirani yetu. Redio ilikuwa ikisoma habari, na mtangazaji akasema kwamba wanasayansi wamegundua sayari nyingine "inayokaliwa". Mzee alinyamaza mpaka taarifa ikaisha, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hao wanaokaa huko ni watu wa namna gani? Na mpaka wao na wetu umepita wapi?"

Vijana waliokuwapo walicheka, lakini mzee hakuwa akifanya mzaha. Mtu aliyeishi umri wake wote katika nchi hii anajua kwamba pakisemwa mahali fulani panakaliwa, swali linalofuata ni la mpaka. Mwaka 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda la wakati ule lilihamishiwa himaya ya Afrika ya Mashariki, na mstari uliotokana na uamuzi huo uliwaacha Wateso pande zote mbili: ndugu wengine huku Angurai, Amagoro na Malaba, wengine kule Tororo na ng'ambo yake. Mzee aliuliza swali la mtu mwenye uzoefu.

Nilimjibu kwamba hapana watu waliopatikana huko. Akasema, "Basi kwa nini wamesema inakaliwa?" Sikuwa na jibu la kumtosheleza. Katika kurasa hizi nitajaribu kulitafuta jibu hilo, na nitaonyesha kwamba kosa halikuwa la sayansi, wala halikuwa la Kiswahili. Lilikuwa la mtumiaji aliyeshika kauli ya kutendwa mahali palipotaka kauli ya kutendeka.

2. Maneno tuliyoyakuta

Hapana budi kuanza na maneno tuliyoyarithi, kwa kuwa elimu mpya huvaa kwanza nguo za zamani. Kiswahili kina neno la Kibantu, nyota, ambalo hutumika kwa kila kinachometameta angani usiku. Pamoja na hilo kina neno sayari, lililotoka katika Kiarabu, lenye asili katika kitenzi chenye maana ya kwenda au kutembea. Sayari, basi, ni nyota zitembeazo, zisizokaa mahali pamoja kati ya wenzake. Mabaharia na wanajimu wa pwani walizijua tano zionekanazo kwa macho, nazo ni Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Majina hayo yote yalikuja pamoja na elimu ya falaki kutoka kwa Waarabu. Lakini sayari ambazo hazikuonekana kwa macho na zikavumbuliwa baadaye kwa darubini, mojawapo mwaka 1781 na nyingine mwaka 1846, zimeingia katika lugha yetu kwa majina ya Kizungu yaliyobadilishwa matamshi tu, Uranusi na Neptuni. Huu ni mfano wa kwanza wa jambo tutakaloliona tena: kile ambacho jicho halikukiona, lugha haikukiita, na kilipogunduliwa na wengine kikaja na jina walilokipa wao.

Bara, nyota zilitazamwa kwa haja nyingine. Mkulima alitaka kujua majira. Kundi la nyota liitwalo Kilimia limepata jina lake katika kitenzi kulima, na methali yake yajulikana na wengi, kwamba kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Katika methali hiyo nyota ni kalenda, wala si mahali. Hapana mtu aliyeuliza kama Kilimia kinakalika.

Angurai ipo katika makutano ya lugha. Wenyeji wengi husema Ateso, jirani zao Wabukusu husema Lubukusu, wasafiri wa Malaba na Busia huelewana kwa Kiswahili, na Kiganda husikika sokoni. Ateso ni lugha ya Kiniloti cha Mashariki, na kwa hiyo ni jamaa wa Kimaasai, ingawa Wamaasai wako mbali na mpaka huu. Udugu huo huonekana wazi katika maneno ya mbinguni. Jua kwa Ateso ni akolong, na kwa Kimaasai ni enkolong. Mwezi kwa Ateso ni elap, na kwa Kimaasai ni olapa. Moto kwa Ateso ni akim, na kwa Kimaasai ni enkima. Hata jinsi za kisarufi zimelingana. Kiambishi a- cha Ateso huonyesha jinsi ya kike kama kifanyavyo en- cha Kimaasai, na e- cha Ateso huonyesha jinsi ya kiume kama ol-. Jua na moto ni vya kike katika lugha zote mbili, na mwezi ni wa kiume. Namwomba msomaji aukumbuke udugu huu, kwani tutauhitaji katika sehemu ya nne.

Kuna ushahidi mwingine ambao wengi hupenda kuutaja. Katika vilima vya Chelelemuk, karibu na Angurai, pana pango la mwamba liitwalo Kakapel, ambalo leo ni kumbukumbu ya taifa. Kuta zake zina michoro ya kale, mingine ya ng'ombe, mingine ya maumbo ya kijiometri, pamoja na duara zilizochorwa ndani ya duara. Uchimbaji uliofanywa hapo umeonyesha kwamba watu wamepatumia mahali hapo kwa maelfu ya miaka, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalieleza juu ya mabaki ya kunde yenye umri wa miaka 2,300 hivi. Nimepata kuwasikia vijana wakisema kwamba duara zile ni ramani ya jua na sayari zake. Mimi siafiki. Hakuna mchoraji aliyetuachia maelezo, na si haki kumsingizia mtu wa kale elimu ambayo hakuidai. Utukufu wa Kakapel hauhitaji kuongezewa chumvi. Kinachothibitika ni kwamba watu wa zamani walipata mahali pa kujikinga na mvua, karibu na maji na ardhi ya kulima, wakakaa. Huo peke yake ni ushuhuda mkubwa juu ya maana ya kukaa.

3. Kuvumbuliwa kwa sayari za mbali

Fikira kwamba nyota nyingine nazo zina sayari zake ni ya zamani, lakini ithibati ni ya juzi tu. Mwaka 1992 zilitangazwa sayari zinazozunguka mzoga wa nyota iliyokwisha kulipuka, na mwaka 1995 Waswisi wawili, Michel Mayor na Didier Queloz, wakatangaza sayari ya kwanza inayozunguka nyota iliyofanana na jua letu. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Hesabu ya sayari za namna hii ilipita 5,000 mwaka 2022.

Ni nini basi nyota kibete? Nyota nyingi mno angani, yapata robo tatu ya nyota zote, ni ndogo kuliko jua, zina rangi nyekundu, na nuru yake ni hafifu. Huitwa nyota vibete vyekundu. Hapana hata moja kati yazo ionekanayo kwa macho matupu. Mtu akisimama Angurai usiku usio na mwezi akazitazama nyota zote, hatakuwa ameona hata kibete chekundu kimoja, ingawa ndivyo vilivyo vingi kupita vyote. Nyota hizi huchoma akiba yake polepole, na umri wake hukadiriwa kuwa mrefu mara nyingi kuliko ule wa jua.

Hapa Afrika ina sehemu yake katika historia, na sehemu hiyo haitajwi mara nyingi. Mwaka 1915 Robert Innes, mkuu wa kituo cha kuchunguzia nyota cha Johannesburg, aligundua nyota hafifu iliyo jirani na Alfa ya Kantarusi. Baadaye ikathibitika kwamba, ukiacha jua, hakuna nyota iliyo karibu nasi kuliko hiyo. Iliitwa Proxima, yaani iliyo karibu zaidi. Umbali wake ni miaka ya nuru 4.2, na mwaka mmoja wa nuru ni kilomita milioni milioni 9.5 hivi. Jioni za mwezi wa Juni mtu wa Angurai aweza kuiona Alfa ya Kantarusi iking'aa upande wa kusini. Proxima iko papo hapo kando yake, lakini haionekani. Mwaka 2016 kundi la wanasayansi lililoongozwa na Guillem Anglada-Escudé lilitangaza kwamba Proxima ina sayari, nayo huizunguka nyota yake kwa siku 11 tu.

Nyota vibete vimependwa na wachunguzi kwa sababu ambayo fundi wa taa angeielewa mara moja. Mdudu akipita mbele ya taa kubwa ya gari, hakuna atakayemwona. Akipita mbele ya kibatari, mwanga utatikisika. Njia moja ya kugundua sayari ni kungoja ipite mbele ya nyota yake na kupima jinsi nuru inavyopungua. Dunia yetu ikipita mbele ya jua, mtazamaji wa mbali angeona nuru ikipungua kwa sehemu isiyofika moja katika kila 10,000. Lakini nyota ikiwa ndogo, sayari ile ile huziba sehemu kubwa zaidi ya uso wake.

Kwa njia hiyo zilipatikana sayari nyingi mashuhuri. Mwaka 2014 ilitangazwa Kepler-186f, ambayo ilikuwa ya kwanza kujulikana yenye ukubwa ulio karibu na ule wa dunia, na iliyo katika umbali unaofaa kutoka kwa nyota yake. Mwaka 2016 kundi la Michaël Gillon wa Liège, Ubelgiji, lilitangaza sayari tatu za nyota iitwayo TRAPPIST-1, na mwaka 2017 hesabu ikafika saba. Nyota hiyo ina tungamo lisilofika sehemu moja ya kumi ya lile la jua, nayo iko umbali wa miaka ya nuru 40 hivi. Kati ya sayari zake saba, tatu huwekwa katika ukanda ambao maji yangeweza kuwa ya majimaji, bila kuganda wala kuwa mvuke. Mojawapo ya darubini za mradi huo imewekwa Oukaïmeden, katika milima ya Moroko, na kwa hiyo si kweli kwamba bara letu lilikuwa mtazamaji tu.

4. Orkaria na Enaiposha

Kisa kinachotuhusu zaidi kilianza mwaka 2009. Kundi lililoongozwa na David Charbonneau wa Marekani lilikuwa likitumia darubini ndogo, zenye kioo cha sentimita 40 tu, kuchunguza nyota vibete. Likatangaza sayari inayoizunguka nyota iliyojulikana kwa nambari GJ 1214. Nyota hiyo ni kibete chekundu, umbali wake ni miaka ya nuru 48 hivi, na sayari yake huizunguka kwa muda wa siku moja na nusu na zaidi kidogo. Kipenyo cha sayari hiyo ni kama mara 2.7 ya kile cha dunia. Ipitapo mbele ya nyota yake huziba zaidi ya asilimia moja ya nuru. Kwa kuwa nyota hiyo iko karibu na mstari wa ikweta ya mbingu, jioni za mwezi wa Julai hupita karibu na utosi wa mtu aliyesimama Angurai.

Mwaka 2022 Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia uliwaalika watu wa mataifa mbalimbali kupendekeza majina kwa nyota kadhaa na sayari zake. Si mara ya kwanza. Katika shindano la 2019 Kenya ilikuwa imeipatia nyota moja jina Kalausi, yaani kimbunga, na sayari yake jina Buru, yaani vumbi, yote mawili kutoka Kijaluo. Tanzania nayo iliiita nyota yake Mpingo, na sayari Tanzanite. Hata kabla ya hapo Kiswahili kilikwisha kupanda angani. Tarehe 12 Disemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wa Kenya, satelaiti ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka mbinguni ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake duniani.

Katika shindano la 2022 kundi la Kenya liliipendekezea GJ 1214 majina ya Kimaasai, na majina hayo yakakubaliwa mwaka 2023. Nyota ikaitwa Orkaria, yaani ngeu, udongo mwekundu wa kujipakia. Sayari ikaitwa Enaiposha, yaani maji mengi yenye kuchafuka kwa mawimbi.

Mtaalamu wa lugha ana mengi ya kufurahia hapa. Kwanza, jina la nyota limefuata rangi yake halisi, kwa kuwa ngeu ni nyekundu na nyota ni kibete chekundu. Pili, nyota imepewa jina la jinsi ya kiume na sayari jina la jinsi ya kike, kwa mujibu wa viambishi tulivyovitaja. Tatu, majina yote mawili yana ndugu zake ardhini. Enaiposha ndilo neno ambalo ndimi za wageni zililigeuza likawa Naivasha, na Orkaria ndilo jina la Olkaria, mahali karibu na ziwa hilo ambapo mvuke wa chini ya ardhi huzalisha umeme tangu mwaka 1981. Ziwa limebaki katika ramani na jina lililoharibika, na jina lililo sahihi limepanda mbinguni. Sijui mfano mwingine wa lugha ya Afrika ya Mashariki iliyolipwa deni lake mahali pa mbali namna hiyo.

Mteso wa Angurai naye aweza kudai sehemu ya heshima hii. Yeye hakuchagua majina hayo, lakini asikiapo En- na Or- anasikia lafudhi ya jamaa zake. Ndiyo sababu nilipomtajia yule mzee majina haya aliyarudia taratibu mara mbili, kisha akasema, "Hawa si wageni."

5. Kukalika na kukaliwa

Sasa turudi kwenye redio. Wanasayansi wanaposema kwamba sayari fulani iko katika ukanda unaofaa, wanachodai ni kidogo sana. Wanasema tu kwamba umbali wake kutoka kwa nyota yake ni wa kadiri, hata kwamba, kama sayari hiyo ina angahewa ya kutosha, na kama ina maji, maji hayo yangeweza kuwa ya majimaji. Zingatia kama hizo mbili. Taarifa ikipita katika vinywa vingi, kama huanguka njiani moja baada ya nyingine, hata likabaki tendo lililokwisha kutimia.

Kitenzi chetu ni kukaa. Shina lake la kale lilikuwa na l, na ndiyo sababu Lubukusu, lugha ya jirani zetu, bado husema -ikhala. Katika Kiswahili l hiyo imepotea katika umbo la msingi, lakini hurudi katika minyambuliko: kalia, kalisha, kalika, kaliwa. Viwili vya mwisho ndivyo vinavyotuhusu. Nyumba inayokaliwa ina watu ndani yake, moshi unafuka, na kuku wako uani. Nyumba inayokalika huenda ina kufuli mlangoni na buibui darini, lakini paa halivuji na mtu akitaka aweza kuhamia. Kauli ya kutendwa yataka mtendaji, hata asipotajwa. Kauli ya kutendeka haimtaki. Kwa hiyo yule mzee alipolisikia neno inayokaliwa, alimtafuta mtendaji, na hilo lilikuwa zao la sarufi yake safi. Aliyekosea ni msemaji.

Lakini hata kutendeka kuna mtego wake, na wanasarufi wameueleza kwa muda mrefu. Kauli hii ina maana mbili: hali iliyokwisha kutokea, na uwezekano wa kutokea. Kikombe kimevunjika, hilo ni jambo lililokwisha. Barabara hii inapitika, huo ni uwezekano. Kinachotofautisha mara nyingi ni kiambishi cha wakati. Mtu akiandika kwamba sayari imekalika, ataeleweka kana kwamba kazi imekwisha. Akiandika inakalika, amedai kwamba mtu aweza kuishi huko, nalo ni dai kubwa kuliko ushahidi. Akiandika huenda inakalika, amekaribia kweli. Na akiandika iko katika ukanda wa kukalika, ameeleza umbali tu, wala hakuahidi kitu. Lugha yetu haikosi vifaa. Ina huenda, ina yamkini, ina -ki- na -nge-. Wenye haraka ndio wanaoviacha nyumbani.

Enaiposha yenyewe ni mfano bora wa tahadhari hii. Mwaka 2014 matokeo ya darubini ya anga ya Hubble yalionyesha kwamba sayari hiyo imefunikwa na utando mzito wa mawingu au ukungu, hata isiweze kuonekana kilichomo ndani. Mwaka 2023 kundi lililoongozwa na Eliza Kempton lilichapisha vipimo vya darubini ya James Webb, iliyorushwa mwishoni mwa 2021. Joto la upande wa mchana lilikuwa takriban nyuzi 280 za Selsiasi, na la upande wa usiku takriban 165. Dalili za mvuke wa maji zilionekana, na majadiliano juu ya hewa zilizomo yameendelea tangu hapo. Kwa hiyo sayari iliyopewa jina la ziwa haina ziwa ambalo mtu angeweza kuchota maji. Kwa Kiswahili cha kila siku tungesema hapakaliki. Jina halikusema uongo, maana jina si taarifa. Mtoto aweza kuitwa Baraka akazaliwa mwaka wa njaa.

Sayari nyingine za vibete nazo zina mashaka yake. Kwa kuwa nyota ni hafifu, ukanda wa kukalika uko karibu nayo mno. Sayari iliyo karibu hivyo hudhaniwa kuwa imefungwa na mvuto, upande mmoja ukielekea nyota daima na upande wa pili ukiwa gizani daima. Nyota vibete, hasa zikiwa changa, hutoa milipuko ya miali inayoweza kuipeperusha angahewa. Mwaka 2023 darubini ya James Webb ilizipima sayari mbili za ndani za TRAPPIST-1. Ile ya kwanza haikuonyesha dalili ya angahewa ya maana, na ile ya pili haikuonyesha angahewa nzito ya kaboni dayoksaidi. Hizo mbili ziko nje ya ukanda wa kukalika, kwa kuwa zina joto mno, na kwa hiyo hazitoi hukumu juu ya zile tatu zilizo mbele zaidi. Hata hivyo zinatufundisha kutokimbilia kusema.

Fundisho hilo lilirudiwa mwezi wa Aprili 2025, Nikku Madhusudhan wa Cambridge na wenzake walipotangaza dalili za kemikali ambayo hapa duniani hutokana na viumbe hai. Sayari yenyewe ni K2-18b, inayozunguka kibete chekundu umbali wa miaka ya nuru 124 hivi. Watangazaji hawa wenyewe walisema kwamba ithibati haijatimia, na wataalamu wengine walipochambua vipimo vile vile waliona ushahidi hautoshi. Lakini ulimwenguni pote vichwa vya habari vilikwisha kuwakalisha viumbe huko. Kosa la redio ya uani kwetu lilikuwa tawi dogo la mti mkubwa.

6. Hitimisho

Katika makala haya nimejaribu kuonyesha mambo matatu. La kwanza ni kwamba historia ya sayari za nyota vibete ni yetu pia: ina Johannesburg ya 1915, Malindi ya 1970, Oukaïmeden, na majina ya Kijaluo, Kiswahili na Kimaasai. La pili ni kwamba lugha za Afrika ya Mashariki zimekwisha kuingia katika orodha ya mbinguni, na wakati huu hazikungoja kupewa majina na wengine kama ilivyokuwa kwa Uranusi na Neptuni. La tatu ni kwamba jina zuri halitoshi bila istilahi iliyo sahihi ya kueleza kile kilichopewa jina.

Kwa sababu hiyo napendekeza kwamba walimu, waandishi wa vitabu na watangazaji watumie ukanda wa kukalika kwa lile eneo lenye umbali wa kadiri, na wasitumie kukaliwa kwa sayari yoyote isipokuwa dunia, mpaka siku ithibati itakapopatikana. Kuhusu neno kibete, najua kwamba likitumiwa kwa mtu huumiza, na wengine wangependa neno jingine. Mimi naona laweza kubaki kwa nyota, mradi lisitoke huko likarudi kwa binadamu.

Kwa mtu wa mpakani jambo hili si dogo. Katika nchi yetu watu wamewahi kuondolewa katika ardhi kwa hoja kwamba haikuwa ikikaliwa, ilhali ilikuwa ikilishiwa ng'ombe na kulimwa kwa zamu. Aliyesema haikaliwi hakuuliza wenyewe. Wateso, Wabukusu na Wamaasai wanaijua bei ya kitenzi hiki kikitumiwa vibaya juu ya nchi. Tusiwafundishe watoto wao kukitumia vibaya juu ya mbingu.

Niliporudi Angurai baadaye nilimweleza mzee yote haya kadiri nilivyoweza. Nilimwambia kwamba hakuna wanaokaa huko tunaowajua. Kwamba mahali pengine ni pa moto, pengine hapana hewa, na pachache huenda pakakalika, lakini hapana aliyethibitisha. Alifikiri kidogo, akatazama upande wa Chelelemuk ambako jua lilikuwa limeacha wekundu, akasema: "Basi waambie waandike hivyo. Nyumba yenye kufuli usiseme ina wenyewe, wala usiseme haina. Bisha hodi kwanza."